Viti Vinavyotazamana

Wifi yangu yuko Uingereza, anatunza wazee wa watu, na kwa sababu hiyo anaamini anajua kila kitu kuhusu wazee, hata huyu wetu wa kijijini Ikonge, huku kwa Wagusii, ambaye alikuwa hajamwona kwa miaka mingi. Aliposikia kwamba baba yake anataka kwenda Mombasa kwa treni, alinipigia simu siku tatu mfululizo. Huko aliko, alisema, mtu hakurupuki tu na begi kwenda stesheni. Kuna kadi ya wazee, ukiwa nayo nauli inapungua. Kuna pasi ya wiki nzima, unapanda na kushuka upendavyo. Halafu kuna tiketi ya kununua mapema, ambayo ni nafuu kuliko zote lakini inakufunga: treni moja, siku moja, kiti kimoja, ukiikosa umeikosa.

"Sasa nyinyi mtamchukulia ipi?" akaniuliza.

"Wifi, huku mzee ni mzee tu," nikamwambia. "Hana kadi."

Alicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko nachambua mboga, simu nimeibana kwa bega, na nilidhani kazi niliyopewa ni ndogo. Kununua tiketi mbili kwa simu ni jambo ambalo wanafunzi wangu wa darasa la sita wangelifanya huku wakipiga soga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezoea kujiona mtu anayeelewa maelekezo akiyasoma mara moja.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Miaka sita kabla ya hapo, mume wangu alikuwa amekodisha kipande cha shamba la majani chai la baba yake kwa mtu wa nje, bila kumwambia, ili apate mtaji wa duka lake Mombasa. Mzee aligundua siku alipokuta wachumaji asiowajua katikati ya michai yake. Jioni ile, mbele ya majirani, alimwambia mwanawe: "Usikanyage boma hili nikiwa hai." Mume wangu alichukua begi lake akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga. Alitii neno lile kuliko alivyowahi kutii jambo lolote maishani mwake. Alituma karo, alituma pesa za sukari, na baba yake akanywa chai ile yenye sukari bila kuuliza imetoka wapi. Kila likizo mimi na watoto tulipanda basi kwenda Mombasa kumwona, na kila tuliporudi mzee aliwauliza watoto kama huko kuna joto.

Mwaka huu mzee alifanyiwa upasuaji, na aliporudi kutoka hospitali alikuwa amebadilika. Akamwambia mama mkwe kwamba anataka kuliondoa lile neno. Tulimwambia apige simu, akakataa. Alisema neno hilo alimtolea mwanawe usoni, na atalirudisha usoni, hayo si maneno ya kupitisha kwenye simu. Mwana naye hakuweza kuja, kwa sababu neno lenyewe ndilo lililomfungia lango. Basi aliyebaki wa kusafiri ni mzee, na wa kumsindikiza ni mimi, kwa kuwa shule zilikuwa zinafungwa na njia ya kwenda Mombasa naijua.

Kwa nini treni? Mama mkwe aliniambia tu kwamba basi halimfai. Sababu nilikuja kuipata kwa wifi, kutoka Uingereza: baada ya upasuaji ule mzee alihitaji choo kila baada ya muda mfupi, na basi la Mombasa halimsubiri mtu. Treni ina choo ndani, na hadi Nairobi tungekodi gari la kusimama kila anapotaka. Jambo lililokuwa likitendeka hatua hamsini kutoka jikoni kwangu lilibidi lizunguke kupitia ng'ambo ndipo linifikie, kwa sababu hakuna mtu nyumbani ambaye angeweza kunitamkia. Nakumbuka nilipoliona hilo nilitabasamu. Niliona ni ushahidi kwamba sisi ni watu wenye adabu.

Basi nikaanza kuchagua. Kuna treni ya asubuhi inayosimama katika vituo vingi, na kuna ya mchana inayokwenda moja kwa moja. Kuna daraja la kwanza na kuna daraja la kawaida. Jumamosi sisi hatusafiri, ni Sabato. Siku nyingine zilikuwa zikijaa mbele ya macho yangu, maana likizo ya Aprili ilikuwa inakaribia na nusu ya Nairobi ilikuwa imeamua kwenda kuoga baharini. Nilitafuta mapumziko ya saa nne, nilitafuta wakati wa mtihani wa kufunga shule, simu mkononi na karatasi za wanafunzi mezani. Mwishowe, siku ya Jumatano, nikapata: Jumapili ile inayokuja, treni ya mchana, daraja la kawaida, viti viwili vimebaki. Daraja la kwanza lilikuwa limejaa, na ya asubuhi nayo imejaa. Papo hapo nikatuma ujumbe Mombasa na nyumbani kwamba viti vya Jumapili vipo.

Ukurasa ulinipa dakika chache za kulipa, saa ikihesabu kurudi nyuma. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuandika namba ya siri. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa amesafiri kwa treni hiyo mwezi wa Desemba, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Nikamwonyesha namba za viti kwa furaha tu, nipate wa kunipongeza. Akatafuta picha zake kwenye simu, akanionyesha.

"Hapa dirishani, hivi viwili," alisema. "Mmebahatika. Mtaonana uso kwa uso mpaka Mombasa."

Katika picha, yeye na dada yake walikuwa wameketi wakitazamana, meza ndogo katikati yao, na chini ya meza magoti yao yalikuwa karibu kugusana. Dada yake alikuwa anakula yai.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna ensoni, yaani heshima yenye mipaka. Hatupeani mikono. Haketi karibu nami, haingii nyumbani kwangu zaidi ya mlangoni, nami sipiti mbele yake mabega wazi. Nilimpikia mzee yule miaka kumi na minne na sikumbuki hata siku moja nikimwona akitafuna, kwa sababu sahani ilipelekwa na mama mkwe au watoto, nami nikageuza uso. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa gambuti zake alizoziacha nje ya mlango wa mama mkwe. Vijana wa mjini wanayacheka mambo haya, na mimi mwenyewe nikiwa chuoni niliyacheka. Lakini mtu huolewa kwenye boma, si kwenye chuo.

Nikaanza kumwona mzee kwenye kile kiti. Saa tano au sita, magoti yake na yangu, macho yake hayana pa kwenda ila dirishani, anasinzia mdomo wazi mbele ya mkwe wake. Ananyanyuka kila mara kwenda chooni, nami najua anakwenda wapi, naye anajua kwamba najua. Nikaona namvua nguo mbele ya watu. Saa ya ukurasa ikafika mwisho, na viti vikarudi kwa wengine.

Sikuwa na huzuni yoyote. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Nilikuwa na moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyeokoa jambo. Nilirudi kwenye kalenda nikatafuta siku nyingine, na nikapata Jumatano, siku kumi baada ya Jumapili ile: kiti kimoja behewa la nne, kingine behewa la tisa. Nililipa papo hapo. Tiketi ya mapema, kama alivyosema wifi, treni moja na siku moja. Nilijiambia kwamba siku kumi si kitu kwa watu waliosubiri miaka sita. Tena mzee angekuwa na majirani zake huko behewa la tisa, angepiga gumzo na nani sijui, na mimi ningemwomba mhudumu amwangalie.

Kilichobaki ni kumwambia mzee. Alikuwa anajua habari za Jumapili, kwa sababu watoto walikuwa wamemwambia nimepata viti kabla sijavipata. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya mama mkwe, amegeukia upande wa migomba. Nilisimama umbali unaostahili, karibu na kamba ya nguo.

"Tata," nikamwambia, yaani baba kwa lugha yetu, "ya Jumapili imeshindikana. Treni imejaa."

Ningesema nini kingine? Ningemtajia magoti? Neno lile "imejaa" lilinitoka kwa urahisi, na halikuwa uongo mkubwa, maana kufikia wakati ule bila shaka ilikuwa imejaa kweli.

"Imejaa yote?" aliuliza.

"Yote, Tata. Tumepata ya Jumatano ile nyingine."

Akasema, "Sawa, mwanangu. Tungoje," akaendelea kutazama migomba.

Jumapili ile nilikuwa nafua. Mchana, saa ambayo treni ingekuwa inaondoka Nairobi, nilimwona mzee anatembea polepole hadi langoni, akasimama hapo mkono juu ya mti wa lango, akarudi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilidhani kuna mgeni anamngoja. Nilimpigia mume wangu nikamwambia baba yake anaendelea vizuri, na yeye akaniambia amekwisha kukodi chumba cha jirani kwa ajili ya mzee, maana baba halali katika nyumba ya mwanawe, na amekinunulia kitanda. Alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa tunachumbiana. Aliniuliza mzee anapenda mto mmoja au miwili. Sikujua, na ilibidi nimtume mtoto kwa mama mkwe akaulize. Ni mmoja.

Jumanne asubuhi, saa nne hivi, mzee alikunywa uji, akaketi kwenye benchi lake juani, na mama mkwe alipotoka kuchukua kikombe akamkuta amekwisha kuondoka. Hapakuwa na kelele wala kuhangaika. Mimi nilikuwa shambani kwangu chini, na nilijua kwa namna nilivyoitwa. Nilipanda mbio, nikafika, nikasimama karibu na kamba ya nguo, pale pale. Hata wakati huo miguu yangu ilikataa kusogea mbele zaidi, mpaka majirani walipomfunika shuka.

Nilimpigia mume wangu. Hakulia. Aliuliza swali moja, polepole, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu gizani.

"Una hakika amekufa?"

"Nina hakika."

"Basi naweza kuja," alisema.

Alifika kesho yake, Jumatano, kwa basi la usiku na gari la kutoka Kisii, akasimama nje ya lango. Watu walimwita aingie, hakuingia. Ilibidi baba mdogo wake aende, amshike mkono, amvute kidogo. Alikanyaga boma la baba yake kwa mguu wa kulia, akatazama chini alipokanyaga. Neno la mzee lilikuwa limetimia lote, hakuna hata silabi iliyoanguka. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama mkwe na watoto, na niliona vizuri sana ni nani aliyelisaidia kutimia.

Katika mazishi, mzee wa kanisa alizungumza habari za marehemu, kisha akaisifu familia. Alisema siku hizi wake wa wana wanaketi kochi moja na baba wakwe wao wakitazama televisheni, lakini katika boma hili kuna mkwe mwenye ensoni. Alijua habari ya tiketi, maana mwalimu mwenzangu alikuwa ameisimulia kwa sifa. Alieleza jinsi nilivyokataa viti vya karibu nikatafuta mabehewa mawili mbalimbali. Akina mama waliitikia kwa sauti ya chini, na mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. Nilikaa na sifa zile mapajani mwangu na sikujua pa kuziweka.

Wiki moja baadaye, mume wangu akiwa amesharudi dukani, nilikuwa jikoni na mama mkwe tunamenya ndizi. Alikuwa ananiambia mambo madogo madogo ya mzee, kama wafanyavyo wafiwa, jambo moja hapa, jingine pale. Aliniambia alivyokuwa anaficha dawa asizozipenda chini ya godoro. Kisha akasema, "Ile siku ulipomwambia gari la moshi limejaa, hakula. Aliniuliza, gari refu namna ile linajaaje lote? Akasema, mbona mkwe wetu hakuwaambia wenye gari kwamba mimi naweza kusimama. Mimi nimechuma chai miguu hii hii miaka arobaini. Ningesimama mpaka Mombasa."

Aliendelea kumenya. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anamkumbuka mumewe. Mimi nilimwomba ruhusa nikatoka nje.

Tangu hapo namwona amesimama. Si ndoto, silali na kumwona; namwona mchana, nikisahihisha madaftari, nikipanga foleni ya kupima majani chai kule kituoni. Amesimama katikati ya behewa na koti lake la kanisani, ameshika kitu, treni inatikisika. Uso wake siuoni, kwa sababu sikuwahi kuutazama vya kutosha niweze kuukumbuka. Hilo nalo nimelikubali.

Mwezi wa Agosti nilisafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, mimi na watoto. Niliamua tu, nikapiga moyo konde. Tulipata viti vinavyotazamana. Kabla hata treni haijaondoka, watu wote walikuwa wanabadilishana viti. Mama mmoja alitaka kukaa na mwanawe, mzee mwingine alitaka dirisha, msichana akahama ili marafiki zake wakae pamoja. Mtu anauliza, mwenzake ananyanyuka, basi. Kijana aliyeketi karibu nami alihama mara mbili bila kuulizwa sababu. Nilichohitaji kufanya Jumapili ile kilikuwa ni kumgeukia mtu yeyote wa behewa na kumwambia, "Samahani, ndugu, huyu ni baba mkwe wangu," na kama ni mtu wa kwetu angenyanyuka kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa nimeiona ile picha, na nikachukua namba za viti kana kwamba zimeandikwa kwenye jiwe. Watoto walikuwa wanafurahia kuona twiga. Mimi nilikaa na uso wangu dirishani mpaka Mombasa.

Mume wangu alitupokea stesheni. Kesho yake mchana, watoto wakiwa wameenda dukani, tuliketi barazani. Mlango wa chumba alichomkodia baba yake ulikuwa ng'ambo ya ua, na ulikuwa bado na kufuli lake jipya. Alikuwa anaendelea kukilipia na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kwa nini. Tulikunywa chai. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza wakati wote wa matanga.

"Jumapili ile, kwa nini hamkuja? Ulisema viti vilikuwepo."

Ningeweza kumwambia vilijaa. Nilikuwa nimeshaizoea kauli hiyo. Lakini nilimwambia ukweli, polepole, bila kumtazama: kwamba vilikuwepo viwili, kwamba vilikuwa vinatazamana, kwamba niliona siwezi kumketisha baba yake magoti kwa magoti nami, na kwamba mzee nilimwambia vimejaa. Nilimaliza nikangoja. Nilitaka apige kelele. Nilitaka aniulize mimi ni mwanamke wa namna gani, niliyempima baba yake na viti, nikamwacha yeye na neno ambalo sasa hakuna mdomo wa kuliondoa. Kama angesema hivyo, nadhani ningepona.

Yeye ni Mgusii kama mimi. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona iko sawa.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Mzee angeaibika."

Akaniongezea chai. Mpaka leo sijamwambia kwamba baba yake alikuwa tayari kusimama.